Aliyeshika Kamba

Mwaka 2017 nilikuwa na kazi mtaa wa Braamfontein, huku kusini mwa Afrika, ambayo mama yangu kule Tanga hajaielewa mpaka leo. Nilikaa mbele ya kompyuta, spika za masikioni zimeniziba masikio, nikiandika yale maneno yanayopita chini ya picha ili asiyejua lugha ya waigizaji afuate kinachosemwa. Niliandika kwa Kiswahili. Msidhani kazi ilikuwa tele. Wiki nyingine sikuwa na filamu yoyote, nilitafsiri makaratasi ya kliniki tu, ya chanjo na kisukari.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mwongozaji wa filamu kutoka Indonesia, amealikwa kufundisha chuoni muhula mmoja, na anataka filamu yake ya mwisho waione Waswahili wa mtaa wa Malvern, nilikubali kabla sijauliza inahusu nini. Ningeuliza, huenda ningekataa.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, anavaa koti hata ndani ya nyumba, na subira hana kabisa. Wanafunzi walimwita Ibu, yaani mama kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Tulizungumza kwa Kiingereza, cha kwake kimepinda upande huu, cha kwangu upande ule. Siku ya kwanza akaomba kipande cha karatasi, akasema kwao huitwa kertas. Nikacheka. Nikamwonyesha meza, akasema meja. Sabuni, sabun. Bendera, bendera vilevile. Mwisho wa filamu kwao huandikwa Tamat, na bibi yangu alikuwa akimaliza hadithi husema tamati. Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu. Kila siku lazima tupate neno jipya la pamoja kabla ya chai, na nikilipata mimi kwanza nilitembea siku nzima kifua mbele. Mchezo huo ndio ulionitia kiburi.

Wakati wa chai alinisimulia maisha yake, vipande vipande, bila kujisifu. Baba yake alikuwa na sinema ya kuhamahama. Alipakia mashine kwenye gari, akaenda vijijini penye harusi au tohara, akasimamisha milingoti miwili ya mianzi, akatandaza kitambaa cheupe, na watu wakatazama wamekaa kwenye nyasi. Yeye alikuwa binti mkubwa, kazi yake kushika kamba ya mlingoti wa kushoto mpaka baba apande juu afunge kitambaa. Alipofika miaka kumi na miwili, siku moja kamba ikamponyoka. Baba akaanguka na mlingoti wake. Alikufa kabla ya magharibi.

Baada ya hapo alikwenda mji mkuu kwa shangazi, akaingia kwenye filamu kwa mlango wa nyuma. Kwa miaka mingi alikuwa yule mtu anayeandika kwenye daftari mwigizaji ameshika kikombe kwa mkono gani, ili kesho asije akakishika kwa mkono mwingine. Akawa msaidizi wa waongozaji wanaume, ambao baadhi yao, alisema, hawakujua kamera inawashwa wapi. Filamu yake ya kwanza tajiri aliyeigharamia aliifungia kabatini kwa sababu haina vichekesho. Akatengeneza filamu za mizimu za televisheni ili watoto wake wasome, na hakuzionea haya. "Mizimu ilinilipia shule," alisema. Kisha zikaja nyingine tano za kwake, na hii ya saba, aliyoingoja mpaka mama yake alipokufa, ndiyo ilimhusu baba.

Hapo ndipo nilipotamani ningeuliza mapema.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Mwaka 2015 nilimnunulia pikipiki afanye biashara ya abiria, mama hataki, mimi nikashikilia. Hakumaliza miezi mitatu. Mama ndiye aliyenipigia simu, nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Berea nangoja kuvuka. Neno nililolisikia ni ajali. Taa ikageuka kijani mara ngapi sijui, watu wananipita, mimi nimesimama. Mazishi sikuweza kuhudhuria, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Baada ya hapo niliacha kuzungumza na mama moja kwa moja. Nilimtumia salamu kupitia dada. Niliogopa kwamba siku moja, katikati ya maneno mengine, atanitajia pikipiki.

Sasa, katika filamu ya Ibu kuna mahali mama mtu yuko jikoni, maiti iko chumbani, binti amejificha nyuma ya almari. Majirani wanauliza ilikuwaje. Mama anawajibu maneno mawili tu: Sudah ajalnya. Kwenye karatasi ya Kiingereza niliyopewa, mwanafunzi fulani alikuwa ameandika kitu kama "ulikuwa wakati". Wakati wa nini? Nikajisemea, mtoto huyu kashindwa, neno lenyewe si ninalisikia mwenyewe kwa masikio yangu, tena ni letu! Nikafuta yake, nikaandika: "Ilikuwa ajali tu." Hata Ibu sikumwuliza. Nililiweka pembeni nimshangaze nalo siku ya maonyesho, liwe ushindi wangu wa mwisho.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa la Wakongo karibu na Jules Street. Walikuja mafundi cherehani, wasusi, walinzi wasiokuwa zamu, na Watanzania wachache. Watoto walikaa mbele wakiongea Kizulu. Filamu ilipoisha watu walipiga makofi, kisha Ibu akasimama nami pembeni yake nikitafsiri. Msusi mmoja wa Lubumbashi akanyoosha mkono.

"Mama, félicitations, hongera. Lakini ile kamba, ni nani alikuwa anaishika? Sababu ile mama wa mtoto alisema ni ajali. Kama ni ajali, iko mutu alikosa. Kosa ni ya nani?"

Nikatafsiri. Ibu akanitazama.

"Kwa nini anauliza kosa? Pale ndipo mahali pekee kwenye filamu nzima ambapo hakuna anayeuliza kosa. Umeandika nini?"

"Neno lako mwenyewe. Ajali."

"Na kwenu ni nini?"

Nikamwambia. Gari kugongana na gari, mtu kuteleza, mtu kuanguka. Jambo la polisi kuja kupima barabara.

Aliketi. Machozi yakaanza kumlengalenga. Akasema polepole, kwa kile Kiingereza chake, kwamba kwao ajal ni saa ya kufa ambayo Mungu ameiandika kabla mtu hajazaliwa. Mama yake alijua kabisa nani alikuwa ameshika kamba. Alijua binti yuko nyuma ya almari anasikiliza. Akachagua maneno hayo mawili, na maisha yake yote hakuongeza la tatu. "Nimetengeneza filamu saba ili nifike kwenye maneno hayo," alisema. "Wewe umemfanya mama yangu anishitaki mbele za watu."

Niliona aibu ya kutamani sakafu ipasuke. Nilitafsiri hata hayo, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mama mmoja wa Unguja, aliyekuwa akiuza kachori mlangoni na aliyenuna tangu mwanzo kwa sababu watu walikuwa wanatazama filamu badala ya kununua, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nyie Kiswahili mmejifunzia wapi, kituo cha polisi? Ajali si ndo hiyohiyo! Mtu kalala kitandani kwake, kafa usingizini, sisi twasema ajali yake imefika. Gari liko wapi hapo? Hebu mwambie mgeni aache kulia, na wewe andika vizuri."

Nilimweleza Ibu. Akataka mama wa kachori aje mbele, aliseme tena, na tena. "Ajali yake imefika," alirudia nyuma yake kama mtoto wa darasa la kwanza, huku machozi yakimtoka. Kisha akageuka kwangu, amekunja uso tena kama kawaida yake, akasema Jumatatu saa mbili kamili nirekebishe. Msusi wa Lubumbashi akasema, "Eish, sasa nimesikia," akaketi.

Nilirekebisha. Maneno matatu mahali pa matatu, hayakuchukua hata dakika. Ibu alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikamaliza. Nikamwomba radhi. Akasema maaf, kwao ndiyo samahani, akaniuliza kama na sisi tunalo. Nikamwambia tunalo maafa, lakini ni balaa. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumapili kabla muhula wake haujaisha, asubuhi, nilikaa jikoni kwenye fleti ya Berea, wenzangu wote wameenda kanisani. Nilikuwa nimeshapiga namba ya mama mara mbili na kukata. Mara ya tatu akapokea kabla haijaita vizuri. Tulisalimiana kirefu. Aliniuliza nimekula nini, baridi ya huko ikoje, kama dada ameniambia kuhusu paa lake linalovuja. Nikajibu yote. Kisha nikamwuliza kwa haraka, kabla roho haijarudi nyuma.

"Mama, siku ile uliponipigia kuhusu mdogo wangu. Uliniambia nini?"

Nilisikia kuku wake.

"Nilikwambia ajali yake imefika. Kwani we ulisikia nini?"

Nikamwambia nililisikia neno ajali tu. Huenda ndivyo alivyosema siku ile. Huenda kayapanga maneno hapo hapo, akijua ninauliza nini, kama mama mwingine alivyoyapanga jikoni kwake. Sitajua, na sijamwuliza tena.

"Ndo maana," alisema mama, polepole. "Miaka miwili hunipigii. Nami nasema, huyu mtoto kanikosea nini hata anikimbie? Kumbe ulisikia pikipiki."