Gitaa Lililolia Lenyewe Wakati wa Mapumziko

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, hata pale utakapoona aibu, kwa kuwa habari hii inakuhusu.

Jumatatu ile ulirudi kutoka shuleni, ukaniketisha sebuleni kwetu hapa ugenini, Malvern, ili nitazame kwenye simu yako mpira wa Wamarekani. Sikuuelewa, wala sikujuta. Wanaume wenye kofia ngumu walikimbia hatua nne, wakaangukiana, kisha wakasimama kujadiliana kana kwamba wamepoteza ufunguo. Watu wanaopumzika kila dakika wanahitaji mapumziko ya nini? Lakini wewe ulitaka nione hayo mapumziko ya katikati ya mchezo, kwa sababu ndipo bendi ya roki ilipotumbuiza.

"Koko, tazama wanavyocheza gitaa."

"Gitaa hupigwa, halichezwi," nilikurekebisha, kama ninavyofanya tangu ulipoanza kuingiza Kiingereza cha shuleni ndani ya Kiswahili changu.

Sikusoma hata darasa moja. Ila kule Lubumbashi nilipiga besi katika bendi za harusi kwa miaka mingi, na kufunga waya peke yake kulitumalizia asubuhi nzima. Hapa vijana walisukuma jukwaa uwanjani kwa magurudumu, kama kitanda cha hospitali, na kabla sijamaliza chai yangu, wazee wanne waliobanwa na suruali za ngozi walikuwa wakirukaruka katikati ya moto na moshi. Kisha mpiga gitaa akainua mkono wa kulia kuwapungia watu. Gitaa likaendelea kulia.

"Simamisha. Waya uko wapi?"

"Siku hizi hakuna waya, Koko. Sauti inapita hewani."

"Na mkono je, nao umepita hewani?"

Ulicheka sana. Nikakiri kwamba kosa lako, kwa mara ya kwanza, lilikuwa sahihi: wale hawakupiga gitaa, walilicheza, kama mtoto anavyoendesha gari la boksi.

Hapo kicheko kikakukatika, ukanieleza. Jumapili iliyofuata ungepiga gitaa kanisani kwa mara ya kwanza, lakini mchungaji mgeni angekuwapo, na kiongozi wa kwaya, kwa kuogopa aibu, aliamuru nyimbo zitoke kwenye flashi, nanyi wapigaji msimame na ala zenu mkitikisa vichwa.

"Nikikataa atanitoa, Koko."

"Basi atakutoa ukiwa mpigaji."

Jumapili nilikaa kiti cha mbele. Kiongozi aliponyoosha kidole kuelekea mashine yenye flashi, wewe uliinama, ukachomeka waya kwenye spika, ukaanza kabla flashi haijalia. Mpiga ngoma akakufuata kwa woga. Katika ubeti wa pili ulipotea, na wimbo wote ukasimama. Wanakwaya walitazama viatu vyao. Sikukusaidia hata kwa kikohozi. Ulijaribu sauti moja, ukaikataa, ukajaribu nyingine, kisha ukaipata, na watu wakaimba.

Wakati wa chai mchungaji mgeni aliniuliza kwa nini wimbo ulikatika. Nilimjibu kwamba mpigaji alikuwa akitafuta sauti, jambo ambalo yeye mchungaji hajawahi kulisikia kutoka kwenye flashi.

Kiongozi wa kwaya alikuondoa Jumanne, kwa ujumbe wa simu, kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kuja mlangoni. Ubeti ule bado unaukosea. Ninausikia kila jioni kupitia ukuta wa chumba changu.