Anayeinamia Pua za Malori Mpondwe

Jua halijapanda vizuri juu ya daraja la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo, na Benoît Muhindo keshaanza kuinamia pua za malori ya watu. Kila lori linalotoka upande wa Congo na kusimama kungoja karatasi za forodha, yeye analifuata, anapiga magoti mbele yake na kuchungulia ndani ya wavu.

"Papa Benoît, leo unang'oa meno ya nani?" anamtania Asmah, mama wa kubadilisha pesa ambaye hakuna kinachompita pale mpakani.

Wabeba mizigo wanacheka. Benoît naye anacheka kidogo, anajipangusa magoti, anahamia lori linalofuata.

Anachotafuta ni kipande kimoja tu: tanki la juu la rejeta, lile bakuli la shaba linalopokea maji ya moto kutoka kwenye injini. La kwake lilipasuka akipanda Mahango kufuata ndizi. Tangu hapo, ukiondoa siku chache tu, lori lake limelala Bwera, mji wa upande huu wa Uganda, kwenye uwanja wa kuoshea magari, na kuku wamelizoea.

Benoît alizaliwa ng'ambo, karibu na Beni. Vita vilipofika kijijini kwao alipakia mkewe Geneviève, watoto na majirani juu ya magodoro, akavuka. Lori hilo, ambalo yeye huliita kamyo, ndilo lililowatoa.

"Nyumba ilibaki, shamba ya kakao ilibaki," anasema. "Kamyo njo ilitutosha kule. Hatuna mali ingine."

Lilipokuwa likitembea, safari moja ya ndizi kutoka Mahango hadi Kasese ilimwachia shilingi themanini elfu baada ya mafuta. Siku hizi anabeba magunia ya watu pale sokoni. Siku ikiwa nzuri anapata elfu kumi, na usiku Geneviève anamkanda mgongo kwa maji ya moto.

Basi si anunue rejeta nyingine? Kila mtu huuliza hivyo. Tatizo ni kwamba lori la Benoît lilitoka Ulaya likapitia Congo, na usukani wake uko kushoto. Magari ya Uganda usukani uko kulia. Wengi hudhani tofauti ni kiti cha dereva tu, lakini kwa lori hili hata mdomo wa rejeta, pale mpira wa maji unapoingia, umekaa upande mwingine.

Ronnie, fundi wa Kasese mjini, aliwahi kumfungia tanki la gari la huku. Mpira ukalazimika kupita mbele ya feni.

"Tuliwasha, feni ikakata mpira kabla sijanawa mikono," anasimulia Ronnie. "Nikamwambia, mzee wangu, sisi huku wote ni wa kulia, wewe peke yako ndiyo wa kushoto. Rudi kwenu utafute."

Ronnie alikuwa anatania. Benoît hakucheka, maana kwao ndiko alikokimbia.

Wakachomelea ufa, lakini shaba imechoka: ukiziba hapa, inatoboka pale. Akapaka sabuni, akaweka gundi. Maji yakatoka vilevile. Wakati huo Aloysius, mnunuzi wa vyuma chakavu, akawa anapita uwanjani kila jioni kumsalimu. Wenye maneno yao wanasema hakuwa anamsalimu Benoît, alikuwa anasalimia lori.

Lakini Bwera huwezi kuwa na shida ya peke yako. Habari zilizunguka kwenye vibanda vya chapati, zikapanda hadi Karambi, zikarudi na jina: Mackline, mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa na lori kama hilohilo. Liliuzwa vipande vipande baada ya msiba. Rejeta ilibaki.

Benoît alipofika Karambi aliikuta nyuma ya nyumba, imezamishwa kwenye pipa la maji. Mackline anapika waragi, na mvuke wake unapita ndani ya rejeta, unapoa, unatoka ukiwa kinywaji. Alipoulizwa na gazeti hili kama chombo cha gari kinafaa kwa pombe ya watu, alisema afisa wa afya alishamkataza. "Lakini hakuniletea kingine, bambi, maskini mimi."

Benoît alimsihi mpaka wakakubaliana: amletee rejeta nyingine yoyote inayopoza, achukue hii. Rejeta nzima za shaba hazipatikani tena, zote zimepita mikononi mwa akina Aloysius. Kwa hiyo alimpelekea ya gari dogo, yenye matanki ya plastiki.

Lori likawaka. Lilishuka na ndizi za Mahango, likapita Muhokya na chumvi, na Geneviève akapika nyama, akaita majirani wakajaa hadi barazani. Watu wa Bwera bado wanaizungumza nyama ile.

Huko Karambi mambo yaliharibika. Mvuke wa moto ulilainisha plastiki, na waragi ukaanza kunuka.

"Mteja mmoja aliniuliza, mama, leo umepika na tairi?" anasema Mackline. "Kesho yake hakuna mtu alikuja. Wote walienda kwa jirani."

Alishuka Bwera kwa bodaboda, akaketi kwenye bampa ya lori. Hakupiga kelele.

"Ssebo, mimi sigombani na wewe," alimwambia Benoît. "Lakini watoto yangu inasoma na hiyo kitu."

Benoît alichukua spana, akaifungua rejeta mwenyewe, akaifunga kwa kamba kwenye bodaboda ya mama yule.

"Ningefanya nini?" anauliza. "Nimuambie mujane batoto balale njaa ju ya kamyo yangu?"

Tangu siku hiyo kila siku ya soko yuko darajani. Mwenye uwanja wa kuoshea magari amemwambia kufikia Jumapili anataka nafasi yake, na Aloysius ameshawaandaa vijana wa kukata. Geneviève hataki kusikia. "Akiikata, tutakuwa tulivuka na nini?" anauliza.

Ijumaa hii, soko likiwa limechangamka, lori linatoka upande wa Congo likisukumwa na watu. Juu yake magodoro, sufuria, bibi mmoja amekumbatia cherehani. Usukani uko kushoto. Benoît anapiga magoti, anachungulia, na hainuki haraka.

"Umeipata?" anauliza Asmah, na mara hii hatanii.

Ipo. Shaba, nzima, mdomo upande wake.

Dereva, kijana aitwaye Katembo, anashuka akiwa ameloa jasho. "Papa, weye ni fundi? Pampu ya maji imekufa. Tunasukuma tokea Kasindi. Wapi nitapata ya hii kamyo?"

Benoît anainuka, anajipangusa magoti.

"Huku hautapata," anajibu. "Tafuta Bwera, tafuta Kasese, haiko. Iko moja tu, na iko kwangu."

Anajua anachokisema. Pampu ikitoka, lori lake halitawaka tena. Anasema atamwambia Aloysius asilete vijana wake, kwani lori halikatwi chuma chakavu. Atalifungua lori mwenyewe, atapanga vipande vyake kwenye chumba wanachokodi, chini ya kitanda ikibidi, awauzie wanaovuka.

"Batu ya usukani wa kushoto beko nakuja kila siku," anasema. "Mungu akisaidia, mumoja asipige magoti kama miye." Na Geneviève? "Huyo nitamuambia nikifika. Sijue vile nitaanza."

Anatangulia kuelekea Bwera, Katembo nyuma yake akiuliza bei. Asmah anamkimbilia Benoît, anamvuta shati.

"Na rejeta yake je? Mbona hukumuomba akuuzie, lako liwake?"

Benoît anageuka kutazama magodoro, na bibi ambaye bado hajaiachia cherehani.

"Ile ingali na kazi," anasema.