Siku Bibi Alipokwenda Bugini

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka juu ya jiko la mkaa ndiyo harufu ya utoto wangu. Mjomba wangu Maulidi alikuwa fundi bati mjini Tabora, na baraza ya nyumba ya Bibi, mama yake, ndiyo iliyokuwa karakana yake. Kutwa aligonga makarai na koroboi, na jua lilipoanza kupoa aliweka nyundo chini, akashika gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Mama yangu alikuwa nesi Ulyankulu, akija mjini mara mojamoja, kwa hiyo mimi nililelewa na watu hao wawili: Bibi, aliyeniita mke mwenzake kwa utani ingawa babu alikwishafariki, na Mjomba, aliyenibeba mabegani mpaka nikawa mkubwa wa kumtia aibu. Ukiniuliza leo peponi kunasikikaje, nitakwambia kunasikika debe lile wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limetulia barabarani na uji wa Bibi ukitokota uani.

Kiangazi kimoja ikashuka stesheni bendi ya vijana kutoka Dar es Salaam, wakielekea Mwanza. Nywele zao zilikuwa zimetimka, suruali zao za bugaluu zikifagia njia, na viatu vya raizoni viliwafanya watembee kama watu wanaovuka tope. Walipiga roki, muziki ambao mtaani kwetu tuliusikia redioni tu, tena kwa kukwaruza. Mpiga besi wao alikuwa ameshikwa na malaria wakamwacha hospitalini Dodoma, nao walikwisha kutangaza bugi la Jumapili alasiri, dansi la mchana ambalo hata sisi watoto tuliruhusiwa kuingia. Mtu akawaelekeza kwa fundi bati. Wakaja barazani, wakampa Mjomba gitaa lao la besi, naye akalipiga kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Hapohapo wakamtaka moja kwa moja: Jumapili apige nao, Jumatatu wapande naye treni. Mjomba alijibu kwamba haondoki bila radhi ya mama yake.

Bibi hakukataa wala hakukubali. "Usilolijua ni usiku wa giza," alisema. "Nitakupaje radhi kwa jambo nisilolijua? Nitakwenda nilione kwa macho yangu." Basi kuanzia pale niliishi kama mtu anayetembea usingizini. Nilitaka Mjomba apige mpaka kuta zitikisike, na papo hapo nilitaka Bibi achukie, anune, arudi nyumbani aseme hapana. Mtaka yote hukosa yote, wanasema, lakini moyo wa mtoto hausikii methali. Hata nyundo ya Mjomba ilisikika kana kwamba inagonga kitu laini.

Jumapili Bibi alijitanda kanga mpya, akaingia ukumbini akiwa amenishika mkono. Vijana wenye nywele zilizotimka walipanga mstari kumwamkia. "Marahaba, marahaba," aliitikia. "Chezeni wanangu, msinitazame mimi." Akaletewa kiti mbele kabisa. Kisha ngoma zikaanza, gitaa likalia kwa sauti ambayo sikujua kama ni ya chuma au ya mnyama, na jua la alasiri likapenya madirishani na kugeuza vumbi la wachezaji kuwa kama unga wa dhahabu unaoelea. Besi ya Mjomba sikuisikia masikioni. Ilipanda kutoka sakafuni, ikapita nyayoni, ikatua kifuani pangu ikakaa. Nilihisi ukumbi mzima umeng'oka na unasafiri polepole, sisi sote ndani yake. Nilifurahi furaha ya kuogopesha.

Katikati ya wimbo Bibi akasimama. Katika ngoma alizozijua yeye, za harusi na za jando, aliyekupendeza humfuata pale alipo, ukicheza, ukamtuza. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye roki watu hawafanyi hivyo. Akaivua kanga ya mabegani, akaenda kwa mwendo wa harusi, taratibu, kiuno kikifuata besi peke yake na kuyaacha magitaa mengine yapige kelele zao. Vijana wakampisha. Mwimbaji alibabaika, akamgeukia Mjomba kwa macho ya kuuliza, naye Mjomba akatikisa kichwa: tusisimame. Bibi akamvisha mwanawe kanga shingoni, akamfuta jasho kwa ncha yake, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake akakiacha hapo. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kile kiganja nilikifahamu maana yake, nikaangua kilio, na waliokuwa karibu nami wakacheka wakidhani mtoto ameogopa makelele. Bibi aliporudi alinipakata. "Lia, mke mwenzangu," aliniambia sikioni. "Mimi nimeshalia jana nikamaliza."

Mji wetu ni mji wa kuaga. Bibi alipenda kusimulia kwamba bibi yake yeye aliwasindikiza wapagazi wa misafara kwa nyimbo mpaka nje ya mji, wakishika njia ya pwani, na wengine hawakurudi hata kwa habari. Mjomba aliondoka Jumatatu. Barua zilikuja, kisha zikawa za kuchelewa, na Bibi alifariki kabla Mjomba hajapata ruhusa ya bendi kurudi.

Siku hizi nikienda kwenye tamasha naona simu zimeinuliwa juu, na jukwaa nalitazama kupitia mikono ya watu. Mwezi uliopita binti yangu alihamia Mwanza kuanza kazi. Basi halijafika Nzega akanipigia simu ya video, akanionyesha chipsi mayai alizokuwa akila, tukacheka mpaka mtandao ukakatika. Nikarudi kwenye shughuli zangu. Jioni ndipo niligundua kwamba sikulia, wala sikumwekea mkono kichwani, maana sikuona kama ameondoka. Naishukuru simu, lakini usiku ule nilimwonea Bibi wivu. Alimtoa mwanawe akijua huenda hatamwona tena, na kweli hakumwona. Akamtoa mchana kweupe, mbele ya watu, huku akicheza.