Kwa Nini Marehemu Zuberi Aliitwa Seif

Ilianza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa harufu ya choya inayochemka. Uani kwetu Kibiti kijana mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa anakoroga sufuria ya maua hayo mekundu pamoja na unga wa muhogo, mpaka uji ukawa mzito na wa kuvutika. Hiyo ndiyo damu iliyomwagika kila wiki katika mchezo wa televisheni wa Inspekta Sudi, na siku ile ilikuwa ya kumpaka Zuberi, mnunuzi wa korosho aliyeuawa katika kisa kile. Nilikuwa kidato cha pili, nipo likizo. Ilikuwa miaka ile baada ya ruksa ya biashara, wanunuzi binafsi wa korosho wamejaa barabarani na televisheni ndiyo kwanza zinaingia, na mchezo ule ulikuwa umeshaanza safari yake ndefu, iliyoendelea mpaka Inspekta mwenyewe akaota mvi za kweli. Niliyaona mengi asubuhi ile. Bastola ya Inspekta ilikuwa ya mti, imepakwa rangi ya viatu. Inspekta, aliyekuwa akiwafukuza majambazi juu ya mapaa, aliogopa jogoo wetu, akaomba afungwe kamba. Kila jioni niliyaandika hayo kwenye shajara yangu, maana nilikuwa mtu wa haya na sikuwa na wa kumsimulia.

Nyumba yetu ilichaguliwa kwa sababu ya baraza lake pana. Mwongozaji, mtu wa bara mwenye kofia ya kitambaa, alitaka mama wa Zuberi ajitupe juu ya kaburi. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele pembeni, akamwambia bila kuinua macho, "Mwanangu, huku mwanamke hafuatani na jeneza. Wanaume wakishaondoka nalo, sisi kilio chetu kinabaki nyumbani." Mwongozaji akakuna kichwa, akahamishia kilio chumbani kwetu. Halafu mwigizaji wao akalia, na wanawake wa mtaani waliojaa dirishani wakaanza kucheka. Alilia kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Mwiteni Mama Seif," mmoja akasema. Kila mtu alijua kwamba katika misiba ya upande ule, Mama ndiye aliyeombwa kuanzisha mbolezi, vile vilio vya kuimba vinavyomtaja marehemu kwa sifa zake. Mama alikataa, akabembelezwa, akakubali huku akicheka. Mimi ndiye niliyemwona akicheka, na mpaka leo naukumbuka mwanya wake.

Palikuwa na tatizo moja. Jeneza la msikiti halikuazimwa kwa mchezo, na hilo kila mwenye akili alilielewa. Wakatafuta kitanda cha kumlaza maiti, wakaona katika chumba cha nyuma kitanda cha kamba kilichoegeshwa ukutani. Kilikuwa cha kaka yangu Seif. Miaka miwili kabla ya hapo Seif alikwenda deltani kuvua kamba, wanunuzi wenye majokofu walipokuwa wanawagombania. Mtumbwi ulipinduka, wenzake wakarudi, yeye hakuonekana. Alisaliwa swala ya ghaibu, ile anayosaliwa mtu ambaye mwili wake haupo, na watu wakala, wakatawanyika. Hatukumwosha, hatukumvika sanda. Kitanda kilipopitishwa mlangoni mkono wa Mama ulibaki ndani ya ungo. Nilidhani atasema kitu. Alisema tu, "Kazeni kamba za miguuni, zimelegea."

Mwigizaji aliyecheza Zuberi alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa amekula maandazi yetu yote asubuhi. Akafungwa sanda, akalala. Mama akaketi kichwani pake, akaanza kwa sauti ya chini, vizuri kabisa, akimtaja Zuberi na korosho zake. Kisha akagusa ubao wa kitanda. Sauti ikapanda. "Seif wee, umelala wapi mwanangu, nani amekufunika?" Mwongozaji akasema kata. Mama hakukata. Akakumbatia ile miguu, kanga ikamdondoka, nywele zake zikaonekana mbele ya wanaume wa mjini, makamasi yakamtoka. Watu dirishani wakacheka, wakidhani ndio mchezo wenyewe. "Mama Seif, wamesema basi," mtu akaita. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Niliingia jikoni nikapuliza moto ambao haukuwa umezimika. Lakini kwenye upenyo wa mlango niliona jambo ambalo kamera haikulionyesha. Wenzake wote walishasimama wanakunja nyaya, ila yule bwana ndani ya sanda hakuinuka. Alilala kimya, akaiacha miguu yake ikumbatiwe, mpaka Mama alipomaliza mwenyewe na kujifuta uso. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Siku ile maiti ndiye aliyeisitiri aibu ya mwosha.

Kisa kilionyeshwa shule zilipofunguliwa, Jumapili alasiri, barazani kwa Bwana Kanji mwenye duka, aliyekuwa na televisheni na jenereta. Akampa Mama kiti cha mbele. Mimi nilikaa nyuma kwenye mkeka na wasichana wa darasa letu, kana kwamba nimekuja peke yangu. Kilio kilipofika, jina la Seif likiwa limeachwa humo humo, baraza zima likaangua kicheko. "Mama Seif, ulisahau jina la maiti?" Bwana Kanji akauliza kwa utani.

"Sikusahau jina, bwana," Mama akajibu. "Nilimsahau maiti."

Wakacheka tena. Mwenzangu Neema, binti wa mganga wa zahanati, aliyehamia kutoka bara mwaka ule, akanigusa bega. "Kwani Seif ni nani?" Nikajifanya natazama matangazo ya sabuni.

Siku hizi kile kipande kinazunguka kwenye simu za watu. Wapenzi wa mchezo wanakitaja miongoni mwa makosa yake ya kuchekesha, wanaulizana kwa nini mama alikosea jina, wengine wanadai waandishi walibadilisha hadithi katikati. Mwanangu alinionyesha bila kujua anamtazama bibi yake. Misibani nako, mtu akianza kulia, simu zinainuliwa. Sisemi zamani palikuwa na huruma zaidi, maana baraza lile lilicheka na mimi nilikuwepo. Ila sijui leo ni nani angelala kimya mpaka mwenye uchungu amalize.

Asubuhi iliyofuata ile Jumapili ya barazani kwa Bwana Kanji niliingia darasani nikamkuta Neema amejifunga sweta kichwani kama kanga, amekumbatia mguu wa dawati. "Seif wee, umelala wapi!" Darasa linacheka. "Karibu, mtoto wa staa," akaniambia. Mimi niliyekuwa najibu maswali ya walimu kwa kunong'ona nilisimama pale pale mlangoni. Nikasema, "Seif ni kaka yangu. Alizama deltani, hakuonekana mpaka leo. Kile kilikuwa kitanda chake." Neema akalivua lile sweta taratibu. Nikaenda kwenye dawati langu, nikatoa daftari la hesabu, nikaandika tarehe.