Kijiko cha Baba

Wenzangu mliokua enzi za foleni ya sukari mtanielewa. Binti yangu Neema ametundika bango jikoni kwetu hapa Wembley, nakala ya yale ya Waingereza wa zamani wakati wa vita: mama aliyevaa aproni anahimiza watu wasitupe chakula. Amelinunua ghali. "It's vintage, Mum," ananiambia, huku akisukumia nusu piza kwenye pipa lililo chini ya bango lenyewe. Nilicheka.

Sisi nasi tulikuwa na bango letu. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, na baba, dereva wa malori, alikuwa amechukuliwa kwenda huko. Pale Mwanza sabuni ilikuwa adimu, tukifua kwa majani ya mpapai hadi sare za shule zikanuka shamba. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi mbele ya duka la ushirika, na kwenye ukuta wake palikuwa na picha ya askari ameshika kikombe. Chini yake paliandikwa: "Okoa kijiko kimoja kwa ajili ya askari wetu."

Watu wazima walisoma wakapita. Mimi, mtoto wa darasa la pili, niliamini kabisa kwamba nisipookoa kijiko changu, baba ataishiwa nguvu na hatarudi. Basi nikaanza kunywa chai bila sukari. Kila asubuhi nilichota kijiko changu kwenye bakuli la nyumbani, nikakitia kwenye kopo tupu la maziwa, na kila Jumamosi nikalipeleka kwa Mzee Salum, muuza duka, ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa ukali wake. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Itafika, mwanangu," alisema, bila hata kutabasamu.

Baba alirudi, amekonda, ndevu zimemjaa. Hajavua hata viatu, nikamuuliza kama sukari yangu aliipata. Akamtazama mama usoni, kisha akanigeukia.

"Niliipata yote, binti yangu. Ilikuwa tamu kweli."

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumuuguza mama, ndipo aliponiambia. Kila Jumamosi, nikishaondoka dukani, Mzee Salum alimrudishia ile sukari, naye akaimimina kwenye bakuli lile lile nililochotea. Vita vizima nilikuwa naokoa sukari ile ile! Tulicheka mpaka mama akakohoa. Nikamuuliza mama, baba alijuaje cha kunijibu.

"Hakujua kitu," mama akasema. "Aliniangalia tu."

Sasa wote wametangulia. Sukari huku imejaa rafu nzima, na vijana wetu wanaikimbia wasinenepe. Mimi bado nakunywa chai bila sukari. Neema anadhani ni masharti ya daktari. Enzi zile tulikosa karibu kila kitu, lakini nilikuwa na watu wazima watatu waliokuwa tayari kunidanganya ili nisiogope. Leo sina hata mmoja.