Beti Nne za Kuchemsha Paja la Babu

Ile nyama haikuchemka. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeshikilia kwamba ilichemka, na kwa kuwa nilisoma hadi chuo kikuu, kila mwaka nilijua kulisema jambo hilo kwa ufasaha zaidi. Ukweli ni kwamba niliipasha tu, mpaka harufu ya mafuta ya mbuzi ikapanda na kuingia kwenye sweta yangu, harufu nzito ya moshi na chumvi, nikaona inatosha.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi juu ya mji wa Meru, kwenye miteremko ya majani chai, na Krismasi hiyo tulichinja mbuzi. Babu hakuwepo, alikuwa Maua kumwona dada yake mgonjwa. Paja moja likawekwa likiwa zima, kwa sababu nyumbani kwetu fungu la mzee halikukatwa na mwanamke. Lilimngoja na mfupa wake, alikate mwenyewe kwa kisu chake. Friji hatukuwa nayo. Paja lilikaa ndani ya supu yake katika sufuria kubwa, na aliyepewa kazi ya kulilinda lisiharibike ni Anti Wawira, mke wa baba yangu mdogo, aliyekuwa ameolewa kwetu kutoka Embu mwaka huo huo.

Anti alikuwa na kanuni yake. Kipande kikubwa, alisema, ni kidanganyifu: nje kinaunguza vidole, ndani bado kina baridi ya jana. Kwa hiyo asubuhi na jioni alikichemsha hadi supu ikaruka, akakigeuza, kisha akaimba wimbo wa kanisani beti zote nne, polepole, moto ukiwaka vilevile. Saa hakuwa nayo. Aliimba vibaya sana, na nyama haikuharibika.

Siku ya tatu alikwenda mtoni kufua, akaniachia zamu ya asubuhi.

“Kendi, geuza, halafu beti nne. Na usiimbe kama mtu anayefukuzwa.”

Nikaitikia. Lakini kuni zilikuwa mbichi, na barabarani pikapu ya jirani ilikuwa ikipiga honi, ikiwakusanya watoto waende Makutano kupigwa picha na nguo za Krismasi. Nilichovya kidole kwenye supu, kikaungua kidogo. Niliimba ubeti mmoja, nao nikauimba nikivaa soksi, nikaepua sufuria na kukimbia. Picha yenyewe bado iko ukutani kwa mama. Nimesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, natabasamu, mkono mmoja umefichwa nyuma.

Babu alirudi saa sita mchana, akala. Kesho yake asubuhi hakuweza kusimama. Akapelekwa hospitali mjini, akalazwa siku nne akiwekewa maji kwenye mshipa, na siku ya pili watu wazima walikuwa wakizungumza juu yake kwa sauti ya chini. Nyanya alimsimamisha Anti uani, mbele yetu sote.

“Huko kwenu Embu wazee hulishwa vitu vilivyooza?”

“Mama, nyama ilichemshwa. Muulize Kendi.”

Nyanya akanigeukia. “Ilichemka?”

“Ilichemka, Nyanya. Hata ikafurika, ikazima moto.”

Habari ya kufurika hakuna aliyekuwa ameiuliza. Nadhani kazi yangu ya uandishi ilianzia hapo.

“Mtoto amechemsha,” Nyanya akasema. “Basi ubaya ni wa mkono wako.”

Babu alipona na kuishi miaka mingi, lakini Anti hakuruhusiwa tena kugusa sufuria ya wageni. Harusini, matangani, aliwekwa kumenya viazi. “Wewe baki huko, Wawira,” wanawake walimwambia wakicheka, “viazi havijalaza mtu hospitali.” Alimenya. Nami nilipita na sahani yangu, nikila, bila kusikia kitu chochote hasa. Wenzangu huandika juu ya dhamiri iliyowachoma. Yangu ilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Siku hizi nina friji, na maikrowevu inayolia ikimaliza kazi. Nyama iliyobaki naikata vipande vidogo na kuiweka kwenye baridi mapema. Siku ya pili naipasha mara moja tu, hadi ichemke kabisa mpaka katikati, na kinachosalia hakirudi mezani. Wanangu hunicheka nikisimama mbele ya mashine nikinung’unika beti nne. Hawajui nilizitoa wapi.

Mwezi uliopita tulikaa kupanga sherehe ya mahari ya binti yangu. Aliyekuwa akigawa kazi za jikoni alipofika kwenye jina la Anti alisema “viazi” bila kuinua kichwa. Nilirudi nyumbani, nikapiga simu.

“Anti, ile nyama ya Babu haikuchemka. Niliimba ubeti mmoja.”

Nilimsikia akiwafukuza kuku wake.

“Nilijua,” akasema. “Mfupa ulikuwa bado unatazama mlango, vile nilivyouacha jioni. Hukuligeuza paja.”

“Na ukampa?”

“Mzee alikuwa ameshakaa, kisu mkononi. Mimi nina miezi mitano katika boma lenu. Ningemwambia nani angoje beti nne?”

Nilingoja nilie. Sikulia. Nikamwambia nitawapigia wanawake wote wa ukoo, mmoja mmoja, wajue, na nyama ya wageni ataipika yeye.

“Wapigie,” akasema. “Langu nitalisema mwenyewe. Lakini nyama utaichemsha wewe, Kendi. Mimi nitakaa hapo kando, niimbe.”