Iko, Bado, Haiko

Swali langu nililiandika kwa Kifaransa, nikalifuta, nikaliandika tena, hadi karatasi ikalainika kama kitambaa. Nilitaka lisiwe na kosa hata moja. Sikumaliza sekondari. Falsafa niliisoma peke yangu, kwenye simu na kwenye fotokopi zilizofifia, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huogopa kosa dogo kama wengine wanavyoogopa mbwa. Nilitaka kuuliza kama ni ukatili kusema kwamba mtu hayupo, wakati hakuna aliyeuona mwili wake. Kwa Kifaransa swali lilipendeza. Lakini halikuwa swali la falsafa. Lilikuwa swali la kaka yangu.

Kaka alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Katika mvua za mwaka jana mwenzake mmoja alifika nyumbani kwetu Kadutu, akaketi ukingoni mwa kiti, akatuambia kwamba shimo lilibomoka na kaka alikuwa chini. Walichimba, wakashindwa kumfikia. Maman alimpa chai. Alipoaga, maman alimwambia, "Ukirudia kule, umuambie nguo zake nilishafua." Kijana yule alinitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake.

Tangu hapo, kila jioni maman akirudi kutoka sokoni, huuliza akiwa bado mlangoni, "Iko?" Hapa Bukavu ndivyo tunavyoulizia mtu: Papa iko? Maman iko? Neno ni hilo hilo kwa mtu, kwa mvua, kwa chumvi ya dukani. Mke wa kaka hakuweza kumjibu iko. Haiko hakuthubutu. Akapata neno la katikati: "Bado, maman." Tuliishi ndani ya neno hilo, bila matanga, bila misa. Ndugu za huyo mke, watu wa Bunyakiri, walitaka kuja kumchukua, lakini wamchukueje? Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye.

Tonton, mdogo wake marehemu baba, alichoka kabla yetu.

"Wewe njo unasomaka mavitabu," aliniambia. "Umuambie maman yako mutoto wake haiko. Dimanche, siku ya misa, ninakuja na padiri, na sitaki kusikia hiyo bado yenu."

"Mimi, tonton?"

"Sasa nani? Mbuzi?"

Ilikuwa likizo ya Pasaka. Kule Muhumba, kando ya ziwa, kuna nyumba ya muzee mmoja aliyefundisha falsafa chuo kikuu hadi uzeeni. Amekwisha kufa, na siku za mapumziko binti yake hufungua nyumba na kuwasimulia wageni maisha ya baba yake. Katika fotokopi zangu mlikuwa na kurasa za muzee huyo kuhusu kifo. Aliandika kwamba mfu asiyeitwa mfu ameachwa njiani, na walio hai wamesimama naye hapo. Nikawaza: mimi maman hatanisikia, huenda akamsikia muzee. Nilimwambia tunakwenda kupumzika, kutazama ziwa. Akakubali kunisindikiza, kwa sababu barabara siku hizi si za kutembea peke yako.

Tulikuwa watu kama kumi, tumeketi kwenye viti vya plastiki sebuleni: wanafunzi, masista wawili, mume na mke waliovaa vitenge vya kufanana. Vitabu ukutani vilikuwa vimeota ukungu na chumba kizima kilinuka unyevu. Binti wa muzee, mwalimu mstaafu mwenye sweta la kijivu, alituonyesha meza, taipureta, na dirisha ambapo baba yake alikuwa akitazama ziwa. Alisimulia kwa Kifaransa, na mahali pamoja akakosea sarufi. Nilifurahi moyoni. Hivyo ndivyo nilivyo: nilikuja kuomba msaada, nami nasahihisha.

Tulipofika mlango wa jikoni aliacha Kifaransa.

"Hapa njo maman yetu alikuwa anapikia," alisema. "Maman alikufa mbele ya papa. Papa naye akili ilikuwa imeanza kumuacha. Kila saa ya chakula anakuja hapa ku mulango: 'Maman iko?' Sisi tunamujibu, 'Iko ku soko, papa.' Anaridhika, anarudia vitabu vyake."

"Muzee wa falsafa yote ile," mwanafunzi mmoja alisema, "munamudanganya na soko?"

"Na soko iko mbali, mwana yangu. Ilitusaidia."

Watu walicheka. Maman hakucheka.

"Siku moja nilikuwa mugonjwa," binti wa muzee aliendelea, "nilikuwa nimechoka sana. Akauliza. Nikamujibu, 'Haiko, papa.' Akanitazama. Akasema, 'Ah. Asante.' Hakuuliza tena hata siku moja. Lakini na chakula akaanza kukiacha. Mvua ya mwaka ule ilikuwa haijaisha, tukamuzika."

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimemleta maman mahali pabaya.

Binti wa muzee alituuliza kama kuna maswali. Nilisimama, kwa sababu nilikuwa nimejiahidi kusimama. Nikafungua kinywa, nikakwama kwenye kitenzi cha kwanza. Kila mtu alinigeukia. Nilikuwa na karatasi mkononi na sikuweza kuisoma.

"Ikala, mutoto," maman aliniambia taratibu, akinivuta nguo. Nikaketi. Yeye hakusimama. Alisema kutoka kwenye kiti chake, "Maman, ile siku ulimuambia haiko. Ulifanya muzuri?"

Binti wa muzee alimgeukia. "Ilikuwa kweli, mama yangu. Kama ilikuwa muzuri, sijui."

"Lakini yeye alisema asante."

"Ndiyo. Alisema asante."

Maman alikaza kitenge chake kiunoni, akatazama dirishani hadi watu walipoanza kuondoka. Sijui kama aliliona ziwa.

Tulipanda kwenda Kadutu kwa miguu. Matope yalitushika miguu, na pikipiki zilitupigia honi tukasogea, tukaendelea. Mara mbili nilitayarisha sentensi. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi mno, ya pili ilikuwa kavu. Hakuna niliyoisema. Lile neno tonton alilonituma kulisema halijatoka kinywani mwangu mpaka leo.

Mke wa kaka alikuwa akisonga bugali. Aliposikia hatua zetu aliinua kichwa, na niliona bado yake ikiwa tayari midomoni. Maman alivua viatu vyenye matope, akaviegemeza ukutani, akaingia ndani. Hakuuliza.

Mke wa kaka alinitazama. "Maman haulizi?" alininong'oneza.

Tuliketi kula. Maman alisema, bila kumtazama mtu, "Dimanche tonton akuje na padiri." Mke wa kaka aliweka mwiko chini, akaanza kulia bila sauti, mabega yake tu yakitikisika. Mimi pia ningelia. Nilikuwa na kaka mmoja tu. Lakini nilikuwa nikimwaza muzee na chakula alichokiacha, na macho yangu yalikuwa kwenye sahani ya maman. Alikata tonge, akaliviringisha vidoleni polepole kama afanyavyo siku zote, akalishika. Nilingoja alipeleke kinywani.